Macho makavu yanayotoa machozi: jibu kwa mama wa Ngamiani

*Daktari mwanangu, nina miaka 56, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nakaanga bajia na mahamri kila alfajiri kwa jiko la kuni. Kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa. Tangu kaskazi iliyopita macho yananikwaruza kama yametiwa mchanga. Asubuhi kope zinagandana, na upepo ukipiga machozi yananichuruzika mpaka wateja wananiuliza kama nimefiwa. Nimeshatia dawa nne za dukani. Moja iliniondolea wekundu siku mbili, halafu ukarudi maradufu. Juzi nikaambiwa nina ugonjwa wa macho makavu, na kwamba sukari yangu ina mkono wake humo. Macho yanayolia hivi yawe makavu vipi? Na sukari ya kwenye damu imefikaje jichoni? Miguu kufa ganzi najua ni sukari, lakini macho?*

Shikamoo mama.

Swali lako la kwanza huulizwa na karibu kila mgonjwa ninayemwambia ana macho makavu, na wengine hutoka chumbani wakiamini daktari hajui anachosema. Siwalaumu, jina lenyewe limekaa vibaya. Kuna wanaokosa machozi kweli, lakini wengi wana machozi mabovu, yasiyokaa juu ya jicho.

Machozi hayafanani na maji ya bomba. Chini kabisa, yanapogusana na jicho, kuna ute unaoyashikiza yasiteleze. Katikati kuna maji yenye chumvi kidogo na protini za kulinda jicho na vijidudu. Juu kabisa kuna utandu mwembamba wa mafuta, unaozuia maji hayo yasipae na upepo. Mafuta hayo hutoka kwenye ukingo wa kope zako, katika vijitundu ambavyo ukivutwa kope mbele ya kioo chenye mwanga mzuri unaweza kuviona vimejipanga kama nukta. Ni tezi za Meibom, zilizopewa jina la daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Kope ya juu ina kama 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30. Mchanganyiko wote huo, ute na maji na mafuta, ni kama mikrolita 7 tu kwa jicho moja. Tone moja la dawa kutoka kwenye chupa lina mikrolita 30 hadi 50. Kwa hiyo ukijitia matone matatu kwa pupa, mama, unalinywesha shavu.

Sasa hayo machozi yanayokuchuruzika ni mengine. Ni ya dharura, yale yale ya kukata kitunguu. Jicho likikauka, neva zake, yaani mishipa ya fahamu, hupiga kelele, na tezi kubwa iliyo juu ya jicho humwaga maji kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha wala ute wa kutosha, hayakai, yanapita tu kwenda shavuni, na jicho linabaki lilivyokuwa. Ndiyo maana upepo wa kaskazi unakuliza. Unayakausha machozi ya kawaida kwanza, kisha dharura inafuata.

Umewahi kufika kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu? Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua na upepo huchukua maji, chumvi inabaki. Jicho lako kwenye kaskazi ni jaruba. Machozi ya mtu mzima mwenye afya yana kipimo cha ukali wa chumvi cha karibu 302, na yakifika 308 na kuendelea tunaanza kushuku ugonjwa. Tofauti ni ndogo, ulimi usingeijua. Seli za juu ya jicho zinaijua mara moja.

Seli zikikaa kwenye chumvi kali, husinyaa, hujisikia zimevamiwa, na kutoa vijumbe vya kemikali vya kuita kinga ya mwili. Hicho ndicho tunachokiita inflamesheni. Wengine huandika "uvimbe", lakini jicho lako halijavimba. Mimi hupenda kuuita mwako, kwa sababu unafanya kazi kama moto wa makumbi ya nazi, hauonyeshi ndimi, unakula ndani kwa ndani. Askari wa kinga wakishafika wanatoa vimeng'enya vinavyokata gundi iliyoziunganisha seli za kioo cha mbele cha jicho, tunachokiita konea. Seli zinaanza kubanduka, na hapo ndipo unapohisi mchanga. Aina nyingine ya askari hao hutoa kemikali inayoua seli zinazotengeneza ute. Ute ukipungua, machozi hayashiki. Yasiposhika, yanapaa. Yakipaa, chumvi inapanda, na mwako unapata kuni upya. Mwaka 2007 na tena 2017 wataalamu wa nchi nyingi walikaa kuutafsiri upya ugonjwa huu, na mara zote mbili wakaitaja chumvi kali na inflamesheni katika maana yake. Ile ya 2017 ikaongeza na hitilafu za neva. Zishike hizo neva, nitazirudia.

Kwa hiyo matone ya kulainisha peke yake ni kumwaga kikombe cha maji juu ya makumbi. Yanasaidia, nami nitakuandikia, lakini moto ukiwa na kuni zake pembeni utarudi. Kuni hizo zinatoka wapi? Nyingine ziko jikoni kwako. Nyingine ziko kwenye damu, na hapa ndipo sukari inapoingia.

Umetaboli ni neno kubwa la jambo dogo: namna mwili unavyopokea chakula, kukichoma, kukijengea na kutupa taka zake. Kisukari ni hitilafu ya umetaboli. Sukari inabaki kwenye damu badala ya kuingia kwenye seli, na inapobaki haikai kimya.

Wewe ni mtu wa mahamri, kwa hiyo hili utalielewa kuliko wanafunzi wangu. Kwa nini hamri likiingia kwenye mafuta ya moto linageuka la kahawia na ganda lake linakuwa gumu? Sehemu kubwa ya rangi ile ni sukari iliyong'ang'ania protini za unga, zikaungana kuwa kitu kipya kisichorudi nyuma. Mwilini jambo la jamii hiyo hiyo hutokea bila karai, kwenye joto la nyuzi 37, polepole, miezi na miaka. Sukari ikiwa nyingi inashikamana na protini za mishipa, za neva, za tezi ya machozi, zikawa ngumu na kufanya kazi vibaya. Kile kipimo cha miezi mitatu unachofanyiwa kliniki kinahesabu kitu hicho hicho, asilimia ya hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu za damu, iliyoshikwa na sukari. Ni miezi mitatu kwa sababu chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120. Wengi wa wagonjwa tunawaomba washuke chini ya asilimia 7. Wewe kwenye barua hukutaja yako ni ngapi, nami nina mashaka na mtu anayekumbuka bei ya unga ya mwaka juzi lakini hakumbuki namba hiyo.

Protini zilizoshikwa hivyo zina ubaya mwingine. Juu ya seli nyingi kuna vipokezi vinavyozitambua, na kila vikizipokea vinawasha ule ule mwako. Zaidi ya hapo, ndani ya kila seli kuna vinu vidogo vya kuchoma sukari ili ipatikane nguvu. Vikilishwa kupita kiasi vinatoa cheche, kemikali za oksijeni zinazounguza kuta za seli. Tezi ya machozi ni kiungo chenye kazi nyingi, inahitaji nguvu na inahitaji insulini ifanye kazi vizuri, kwa hiyo haichukui muda kuathirika. Hapo moto unawashwa kutoka pande mbili: nje kwa chumvi kali ya machozi, ndani kwa sukari.

Nirudi kwenye neva, maana umeigusa mwenyewe bila kujua. Miguu yako inakufa ganzi kwa sababu sukari huanza na neva nyembamba. Konea imejaa neva nyembamba kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, mara mia kadhaa kuliko ngozi, ndiyo maana unywele mmoja ukiingia jichoni unaacha kila kitu. Konea haina mshipa wa damu hata mmoja, la sivyo isingekuwa angavu. Hewa yake inaipata kupitia machozi, chakula chake kinatoka kwenye maji yaliyo nyuma yake. Neva hizo ndizo zinazoiambia tezi ilete machozi, zinazoamuru kope zipepese, na zinazotoa virutubisho vya kuziponya seli zilizokwaruzika. Zikifa ganzi kama miguu, amri haziendi. Machozi yanapungua, kupepesa kunapungua, kidonda kidogo kinachelewa kupona.

Hapa nina onyo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa na konea iliyochubuka vibaya na asisikie chochote. Nimewaona. Anakuja kupima miwani, tunatia jichoni rangi ya kupimia, kioo kizima kinang'aa mabaka ya kijani, naye anasema mbona siku hizi hayaniumi tena. Wewe bado unahisi mchanga. Hilo linakera, lakini kengele bado inalia. Siku yakiacha kuuma yenyewe bila matibabu yoyote, usishukuru kwanza, njoo tuyaangalie.

Kuhusu mafuta nitakuwa mfupi. Unayajua mafuta ya nazi ya kujipaka: wakati wa kipupwe, alfajiri yenye baridi, unayakuta yameganda chupani na unaianika chupa juani. Mafuta ya tezi za kope nayo yana kiwango chake cha kuyeyuka. Ya mtu mzima wa afya hulainika kwenye joto la kawaida la kope. Yakibadilika muundo yanahitaji joto zaidi, yanakuwa mazito kama dawa ya meno na kuziba matundu. Umri unachangia. Ukomo wa hedhi unachangia, kwa sababu tezi hizi zinategemea homoni ambazo kwa mwanamke hupungua na miaka. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba walioziba tezi mara nyingi wana lehemu (kolesteroli) ya juu kwenye damu, ingawa si wote. Halafu kuna kitambi. Tulifundishwa kwamba mafuta ya tumboni ni akiba tu, mpaka watafiti walipoonyesha kwa panya, mwaka 1993, kwamba mafuta hayo yenyewe hutoa kemikali za inflamesheni na kuzuia insulini isifanye kazi. Kwa hiyo mwako wa mwilini haujui mipaka ya viungo. Zile kope zinazogandana asubuhi, na chokea kama huwa zinakurudia, zinanifanya nishuku tezi zako kabla sijazigusa.

Mama, usitoke hapa ukijilaumu kwa sukari peke yake. Ukinilazimisha nigawe lawama, ningeanza na moshi. Miaka mingi umeinama juu ya kuni, macho yamekazwa kwenye karai bila kupepesa. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika, na akikazia macho kazi au simu idadi hushuka nusu au chini ya hapo. Kila usipopepesa jaruba linakauka. Kisha umri, kisha upepo, sukari ikiyachochea yote. Na fungu moja la lawama naliweka kwenye zile chupa nne.

Dawa za kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu ya jicho kwa saa chache. Zikiisha nguvu, mishipa hufunguka kuliko mwanzo, ndiyo maana wekundu ulikurudia maradufu. Chupa nyingi za matone huwekwa kemikali ya kuzuia vijidudu, na iliyozoeleka zaidi, benzalikoniamu, ikitiwa mara nyingi kwa siku inaunguza seli za juu ya jicho na kuvuruga mafuta ya machozi. Unatibu ukavu kwa kitu kinachokausha. Ninayoiogopa zaidi ni dawa yenye steroidi, inayouzwa kama dawa ya mzio. Inazima mwako haraka, mgonjwa anafurahi, anarudi kuinunua. Baada ya miezi inaweza kupandisha presha ya macho kimyakimya, kuleta mtoto wa jicho, na kumfungulia mlango fangasi kwenye konea. Sisi wenyewe tunaitumia, lakini kwa wiki chache na kwa kupima.

Kuna na vidonge. Kwa miguu inayokufa ganzi na kuwaka moto usiku wengi hupewa amitriptilini. Inasaidia kweli, lakini inakausha kinywa na macho. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi navyo hukausha, na dawa za presha za kukojoza maji zimo kwenye orodha hiyo. Usiache hata kimoja kwa kauli yangu hii. Nataka kujua unameza nini tu.

Ya kufanya kuanzia kesho ni haya. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya moto yasiyounguza, ujaribu kwanza kwenye ndani ya kifundo cha mkono maana ngozi ya mwenye kisukari inaweza kukudanganya. Kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, ukikirudishia joto kila kikipoa, asubuhi na usiku. Kikipoa kikaachwa hapo hakina faida, chupa ya mafuta haiyeyuki kivulini. Kisha kwa kidole safi sugua polepole, kope ya juu ukielekea chini, ya chini ukielekea juu, na upanguse ukingo. Fanya hivyo wiki nne kabla ya kusema haisaidii. Wanja wa ndani ya kope uache. Najua utasema daktari ananikataza urembo, lakini unaziba matundu yale yale tunayoyafungua, na wanja mwingine una madini ya risasi ndani yake.

Jiko ligeuze ili upepo uupeleke moshi upande mwingine, na kila ukigeuza mahamri kwenye karai pepesa macho kwa kuyafumba kabisa mara tatu nne. Kwa matone ya kulainisha, tafuta yasiyo na ile benzalikoniamu kama utatia zaidi ya mara nne kwa siku. Tone moja tu, kisha bonyeza kona ya ndani ya jicho karibu na pua kwa dakika moja. Kubonyeza huko kunaizuia dawa isishuke kooni, na wagonjwa wangu wanaoacha dawa mwezi wote wa Ramadhani kwa kuhisi uchungu wake kooni nawaambia jambo hilo hilo. Kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wa pwani, dawa ya jicho haifunguzi, lakini kwa fatwa muulize shehe wako, mimi naishia kwenye kope.

Asali, maziwa ya mama anayenyonyesha, maji ya majani: hapana kwa yote.

Samaki kula. Vibua na dagaa wana mafuta mazuri kwa moyo, na moyo wa mwenye kisukari unahitaji kutunzwa. Ila usiingie gharama ya vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya macho. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani la watu 535 waliofuatwa mwaka mzima, wengine wakimeza miligramu 3000 za omega-3 kila siku, wengine mafuta ya zeituni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na omega-3 haikushinda. Fedha hiyo nunua vipimo vya sukari. Chai ya vijiko vinne pamoja na mahamri mawili ya "kuonja" kila alfajiri, hiyo ndiyo dozi ya kupunguza kwanza.

Miwani mipya usinunue sasa. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya ndani ya jicho nayo hubadilika, na miwani uliyopimiwa wiki ya sukari ya juu haitakufaa wiki ya sukari ya chini. Ukungu unaoondoka ukipepesa ni wa machozi. Unaokaa siku kadhaa ni wa lenzi, au wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kwa retina unatakiwa kupimwa kila mwaka hata kama huoni tatizo lolote.

Usipopata nafuu ya kutosha ziko dawa za kuuzima mwako wenyewe. Kuna antibiotiki za jamii ya doksisaiklini ambazo hapa tunazitumia kwa sababu zinatuliza inflamesheni ya tezi. Kuna matone ya saiklosporini yanayowatuliza wale askari wa kinga, lakini yanachukua miezi kufanya kazi, yanachoma mwanzoni, na hayapatikani kila duka. Hayo hayaanzwi kwa kuandikiana, lazima uonekane.

Hospitali ya mkoa pale Bombo, au kliniki yoyote ya macho iliyo karibu nawe, watakutia rangi ya machungwa inayong'aa kijani kwenye taa ya buluu, wahesabu sekunde kabla machozi hayajapasuka. Chini ya kumi si nzuri. Watakuning'inizia karatasi ndogo kwenye kope kwa dakika tano wapime imelowa milimita ngapi, na chini ya tano ni ukavu wa kweli. Wakikuuliza kama kinywa nacho ni kikavu mpaka huwezi kumeza hamri bila chai, na kama viungo vinakuuma, jibu kwa makini, kwa sababu kuna ugonjwa wa kinga, wa Sjögren, unaokula tezi za machozi na za mate kwa pamoja, na huo una njia yake nyingine. Lakini ukiona mwanga unakuchoma ghafla, au doa jeupe kwenye mboni, au jicho moja limepoteza nuru, usisubiri siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, bajia zitangoja.

Ukienda, beba mfukoni zile chupa zote nne hata zilizokwisha, vidonge vyote unavyomeza, na daftari la sukari. Na asubuhi hiyo usijipake wanja.